Maua ya Kitunguu

Jina lake hasa hatukulijua.
Mama aliyaita maua ya kitunguu,
na kitunguu chenyewe si kitunguu:
ukikikata hakikulizi,
ukikila utajuta.

Miaka mitatu hayajachanua.
Majani tu, majani juu ya majani,
yamelala njiani mpaka mpangaji wa chumba cha uani
akipita na ndoo huyakanyaga, kisha huyaomba radhi.
Wengine walisema ni jicho.
Wengine, maji ya sabuni.

Shemeji Mbaruku akaja na panga.
"Nikate tu, yatachipua mapya."
Nikamshika mkono.
Jani bichi halikatwi, Shemeji.
Jani bichi ndilo jiko lake:
linapika juu, kitunguu kinakula chini.
Ngoja liwe la manjano, lilegee,
ulivute kwa vidole viwili
litoke lenyewe, kama jino la mtoto.

Basi nikangoja. Vuli ikapita.
Kila jioni Rukia wa jirani
aliyasuka majani yale twende kilioni.
Fumua, mwanangu, yanataka jua.
Akafumua kwa kununa.

Jua la kaskazi lilipoyakausha
nikachukua jembe la uma,
nikasimama hatua moja mbali na shina,
nikachimba kwa kuzunguka, polepole,
kama mtu anayemvua mgonjwa nguo.

Loo!
Chini mlikuwa na ukoo mzima.
Vitunguu sitini na saba, nimevihesabu mara mbili,
mama na watoto na wajukuu,
ubavu kwa ubavu,
vingine vimebanwa hadi vimekuwa bapa,
mizizi imesukana hujui ipi ya nani.
Si jicho, si sabuni.
Nafasi tu ilikwisha.

Nikajifuta jasho, nikaitazama nyumba yetu,
Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani:
bati lenye kutu, warithi tisa,
faili moja pale mahakamani
na vyumba sita visivyopakwa chokaa
kwa kuwa ni vya wote.

Nilivitenganisha kwa mikono, si kwa kisu.
Vinavyokubali huachana kwa mlio mdogo, tk.
Visivyokubali unaviacha viwili viwili.
Kimoja nilikijeruhi kwa jembe, nikakipaka majivu.
Vilivyolainika kama papai bovu nilivitupa,
ila nilivibonyeza kwanza, kimoja kimoja,
nisije nikadhulumu.

Makopo ya rangi, manane.
La Pongwe kwa kaka Semboja.
La Muheza, la Maramba.
La Mbagala kwa dada Mwanaidi,
ambaye hatusemezani tangu khitma ya mama.
Nikaandika ubavuni mwa kila kopo:
*Shingo itazame juu.
Kati ya kimoja na kimoja, kiganja kilichonyooshwa.
Mwaka wa kwanza usitarajie kitu.*
Kwenye la Mbagala nilitaka kuongeza neno.
Kalamu ikaisha wino, au nilisema imeisha.

Kondakta wa basi akauliza: mbegu za vitunguu hizi?
Nikasema ndiyo.
Akanitoza nauli ya mzigo mdogo.

Hapa nimebakiza saba.
Nimevilaza upya kwenye udongo uliolimwa,
na samadi ya mbuzi iliyokaa mwaka mzima ikapoa.
Ile sehemu sasa iko tupu, ina haya,
kama kichwa kilichonyolewa leo asubuhi.
Mpangaji anapita na ndoo yake,
bado anaruka majani ambayo hayapo.

Masika imeanza juzi.
Jana simu ililia. Namba ya Mbagala.
"Hivi," akasema, bila salamu,
"shingo ndiyo ile ncha nyembamba?"
Ndiyo.
Nikasikia udongo ukikwaruzwa, na kuku, na mtu akikohoa.
"Na hicho kiganja. Changu au chako?"

Nikautazama mkono wangu.
"Pima tu," nikasema. "Viko sawa."