Tundu la Mia Tisa na Tatu

Famau alirudi Gadeni na bahasha ya kaki,
ndani yake utando mweusi, mdogo kuliko stempu.
Akaulaza juu ya kofia niliyokuwa naishona,
kofia ya miezi minne, ya bwana harusi wa Mkomani.

"Hesabu matundu, shangazi."
Nikacheka. Ya kofia nayajua: elfu moja na mia mbili yakitimia,
kila moja nalidunga, nalizungushia uzi
mpaka mdomo wake ukaze.
Ya kwake sikuyaona.
Nilivaa miwani ya marehemu, sikuyaona.

"Ng'oa unywele wako," akasema,
"uchane kwa urefu mara elfu themanini.
Uzi mmoja katika hizo ndio kipimo changu."
Maji yapita. Chumvi yabaki nje
kama mdai aliyefungiwa mlango.

Nikakiwaza kisima cha uani:
siku hizi chai yataka sukari vijiko vitano
na bado ulimi wauliza bahari imeingia lini.
Basi leta pima, leta jora, tuufunike mji mzima!

Kijana akainamisha uso.
Kumbe kutoboa tundu moja si kazi.
Kazi ni la milioni lifanane na la kwanza.
Kule chini, asema, hakuna kinachotulia;
joto la chumba tu lapepeta kila kitu.
Ukishika punje, haiachi kidole.
Ukiweka mbili, zashikana, zawa uji wa madonge.
Na vumbi, hili letu la chokaa na samadi ya punda,
chembe moja yaanguka kama jabali.
Utando huu ni wa ishirini na saba.
Ishirini na sita umeharibika.

"Mimi nikikosea, nafumua."
"Sisi hatufumui. Twatupa."
"Mwatupa wapi?"

Alikawia kujibu.
Kitu kidogo hivyo, kikitoroka,
ufagio gani wa makuti utakifikia?
Samaki atakimeza bila kujua amekula.

Akajaza bomba la sindano maji ya kisima,
akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.
Hadi Isha tulikuwa na robo ya finjani.
Akaonja yeye, nikaonja mimi.
Nilikuwa nimesahau kwamba maji hayana ladha.

Kisha nikarudi kwenye tundu la mia tisa na tatu.
Usiku ule jicho la sindano lilikuwa pana kama lango la ngome,
na bado nililikosa mara tatu.