Viti Viwili

Jumamosi, gereji ya Ambakisye, nyuma ya soko la Mwanjelwa.
Ukungu bado umeuatamia Loleza kama kuku wa mayai,
na sisi wanne tumelizunguka turubai
kama watu walioitwa kutambua maiti.

Gwakisa akashika pindo, akavuta.
Jekundu. La chini hivi, paa linanifika kitovuni.
Viti viwili tu. Nyuma hakuna kiti,
hakuna hata nia ya kiti.
Taa zake zimefumba
kama mtoto anayejifanya amelala.

"Milioni kumi na nane," alisema Ambakisye,
"na marehemu hakulikwaruza."

Sanga, Mkinga wa duka la vipuri, akatoa kalamu sikioni.
Hakutamka neno mpaka amepiga jumla kwenye boksi la plagi:
bima, matairi ambayo hata Dar huyapati mpaka yaagizwe,
kilomita nane kwa lita, na lita yenyewe unaijua,
shokapu nne kabla ya Pasaka.
"Hiyo ni nusu ya Kenta," akasema.
"Kenta inakwenda Makete, inarudi na viazi.
Hili litakwenda wapi, litarudi na nini?"

"Litarudi na mimi," alisema Gwakisa.

Tukacheka, ila si sana.
Gwakisa ana miaka arobaini na mitatu,
ekari sita za parachichi, watoto watatu,
na tangu darasa la tano anachora gari moja tu
pembezoni mwa madaftari,
siku hizi pembezoni mwa risiti za mbolea.

"Matuta ya Uyole je?" nikauliza mimi. "Tumbo litabaki pale."
"Nitayavuka kwa mshazari."
"Na njia ya kwenu, masika?"
"Nitaliacha kwa dada pale Tukuyu, nipande kwa miguu."
"Yaani gari lilale mjini, mwenye gari atembee matopeni!"
"Ndiyo," alisema, bila chembe ya aibu,
"kama mtu mwenye mchumba."

Kulikuwa na mama kwenye benchi tangu tulipofika.
Tulidhani anasubiri gari lake litengenezwe.
Kumbe gari lake ndilo hili.

"Hesabu hiyo ninayo," akamwambia Sanga, "na yako imepungua.
Hujaweka rejeta ya mwaka wa pili.
Hujaweka faini za Igurusi. Hujaweka ugomvi.
Miaka tisa nililiita mke mwenza.
Kila Jumapili, saa kumi na moja alfajiri,
alilisukuma hadi barabarani bila kuliwasha, nisiamke.
Nilikuwa macho.

Siku moja nikatoka na kanga yangu, nikaketi kile kiti cha pili.
Hakusema kitu. Tukateremka Chimala,
Usangu yote ikajifungua mkono wa kushoto,
na mwalimu wa hesabu, mtu wa kuhesabu hata njiti za kiberiti,
akaanza kuimba.
Vibaya. Nyimbo za mchakamchaka.
Nyumbani hakuwahi. Kanisani alikuwa anachezesha midomo tu."

Akafunga mkoba, akaufungua, akaufunga tena.

"Silisifii. Lilikula ada ya Tusekile mpaka nikauza ng'ombe.
Nasema tu, ukipiga hesabu,
jaza safu zote mbili."

Sanga akalitazama boksi lake.
Akachora mstari katikati, taratibu,
kalamu ikasimama juu ya upande mtupu
na haikujua iandike nini.

Gwakisa alikwishaomba ufunguo.
Likakohoa, likanguruma,
taa zikafumbua macho, zikatukuta tumesimama midomo wazi,
na mbwa wote wa Mwanjelwa wakawa na la kusema.

"Zima bwana, unachoma mafuta!" Sanga alipaza sauti,
naye tayari amekunja magoti kiti cha pili,
anatafuta mkanda.