Aliyegoma Kuhama

Radim alipoondoka alichukua samaki wote wanane,
kila mmoja na mfuko wake wa maji,
akaipanga mifuko kwenye boksi la viatu vyangu vya theluji.
Alichukua pia kitabu cha mapishi cha mama yangu,
kwa bahati mbaya, alidai.

Anemoni alimshinda.
Alitumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko,
akamchokoa kwa ukucha chini ya unyayo,
naye akajikunyata, akawa ngumi,
akazidi kujishindilia ndani ya ufa wa mwamba.
“Nikimvuta atachanika,” alisema,
mkono ukichuruzika juu ya zulia.
“Basi mwache.”
Huo ndio uliokuwa mgawanyo wetu wa mali.

Bahari haijui njia ya kufika Ostrava.
Huku theluji huyeyuka nyeusi kandokando ya reli za tramu.
Bahari naikoroga mwenyewe, bafuni, kila Jumamosi:
chumvi ya mfuko, maji yaliyochujwa mpaka yakakosa ladha,
gramu thelathini na tano kwa kila lita,
nimeinamia ndoo
kama mpishi wa uji ambao hataula.

Mwezi wa kwanza nilikosea.
Maji yalipopungua niliongeza maji ya chumvi,
sikujua kwamba yanayopaa ni maji matupu,
chumvi hubaki chini, huzidi kukolea.
(Nami nilikaa miaka kumi na mmoja
katika nyumba inayopungua hivyohivyo.)

Asubuhi moja nilimkuta amenywea
kama soksi iliyovuliwa.
Nikampigia Drahomíra wa duka la samaki,
mwenye sauti iliyokaushwa kwa sigara.
“Ananuka?”
Nikainama, nikanusa. Hapana.
“Basi anajisaidia. Mwenye tumbo hujisaidia.
Toa mkono wako majini, binti, umwache.”
Kufikia jioni alikuwa amejaa tena,
ncha za minyiri zimevimba kama balbu ndogo
za sherehe ya mtu mwingine.

Nilijifunza kumpa taa saa tisa, si zaidi.
Kipande cha kamba kisichozidi ukucha, mara moja kwa wiki,
maana huruma ya kila siku huozesha maji.
Na nisimguse. Hilo lilinichukua muda mrefu kuliko yote.

Halafu, Februari, akaanza kutembea.
Yeye, aliyegoma kuhama!
Mwendo wa unene wa kucha, kisha kituo,
kisha tena, akielekea pampu.
Nilizima pampu, nikaufunga mdomo wake kwa sifongo,
nikaiwasha, nikakaa kwenye stuli ya jikoni hadi usiku wa manane,
supu imeganda mafuta juu.
Alikuwa amepanda kioo.
Unyayo ule ambao Radim hakuuweza
sasa ulikuwa wazi mbele ya macho yangu,
waridi, wenye mistari kama chungwa lililokatwa.
Nikaweka kiganja upande wangu.
Kioo kilikuwa vuguvugu, nyuzi ishirini na sita.

Kulipokucha alikuwa anajivuta pande mbili,
nusu ikienda dirishani, nusu ikienda ukutani,
katikati amekonda kama ulimbo.
Ilikuwa Jumapili. Drahomíra hakupokea.
Nilisimama na nguo ya kulalia, mikono nimeifumbata kwapani,
nikijikataza.
Jumatatu walikuwa wawili,
kila mmoja na kinywa kilichokaa upogo,
wamepeana migongo, kama wana migongo.

Aprili Radim alipiga simu, habari za bima ya gari.
Akakohoa. Akauliza hali ya hewa,
yeye anayeishi mtaa wa tatu.
Kisha: “Na yeye, bado yupo?”
“Wapo,” nikasema.
Tramu ikapita chini, maji yakatetemeka kidogo.
“Wapo kina nani, Vendula?”

Nilikuwa na kipande cha kamba kidoleni, kinayeyuka.
Nikamwambia asubiri,
nikailaza simu kando ya ndoo,
nikakikata mara mbili.