Leo Hatupandi

Miaka tisa nilisimama mstari wa mbele,
sauti ya kwanza,
kwa kuwa nilikuwa mwembamba, tena nilikuja na Kabula.
Hakuna aliyeliuliza koo langu.

Kila Jumapili, pale Igogo, noti ile ya juu
naiona, naitamani,
visigino vinainuka, mshipa wa shingo unasimama,
kisha narudi nyumbani kunywa tangawizi.

Alhamisi mwalimu Lugembe akafunga mlango.
"Leo hatupandi," akasema. "Tunashuka."
Akabonyeza kinanda: do. Nikaitika.
Ti, la, so,
nikashuka naye kama mtu ateremkaye mawe ya Mabatini
usiku umeme umekatika,
napapasa kwa unyayo,
na kila jiwe lilikuwepo.

Chini kabisa, alipodhani nitaishiwa,
nikasikia sauti ninayoijua:
ile ya alfajiri, mwaloni Kirumba,
nikihesabu ndoo za dagaa,
moja, mbili, tatu, bila kupaaza,
na wachukuzi wananyamaza wasikie bei.

Kumbe ninayo siku zote.
Huwa naivua pamoja na kandambili
nikienda kanisani.

"Ya pili hii siyo," mwalimu akakuna kidevu,
"na ya tatu wanakaa wanaume."
Akafikiri. Akasogeza benchi.

Sasa nakaa mpakani:
kulia mama Nyamizi,
kushoto Mihayo, fundi baiskeli, ananuka grisi.
Kabula ananigeukia toka mbele, anacheka.
Noti ya juu inanipita kichwani
kama yangeyange aendaye Saanane.
Siinui kisigino.