Saa Kumi Bahla, Saa Tisa Kwao

Simu tumeifunga kwa kamba ya mtende
juu ya kigoda, kigoda juu ya pipa la maji,
jicho lake likitazama chini, kwenye gurudumu.
Yaarub akauliza kwa Kiarabu, "Wangapi wamo humo?"
Nikamwambia kumi na mmoja wamelipa,
wawili ni binamu zangu, wamo bure.
Akajifuta mikono kwenye kanzu ya kazi, akaivuta kofia
kama anayepiga hodi nyumba ya wenyewe.

Mapatano tuliyaandika nyuma ya risiti ya kuni:
rial nne kwa kichwa,
yeye sita katika kumi, mimi nne;
simu yangu, lugha yangu, mikono yake;
chombo kikivunjika, hasara ni ya udongo.
Hapo alicheka. "Udongo haujapata hasara tangu uumbwe.
Unarudi ndooni."

Mimi Kiswahili nimekirithi jikoni,
kwa bibi aliyerudi Oman na mbuzi ya kukunia nazi sandukuni,
na huku nazi hakuna.
Alinung'unika miaka thelathini ndani ya mji huu wa kuta za udongo
kwa maneno ambayo soko zima halikuyajua.
Leo maneno yaleyale nayauza kwa saa.
Sijui angenicheka, au angedai fungu lake.

Saa kumi Bahla, saa tisa kwao.
Wakaingia mmoja mmoja: Tabora, Lamu,
muuguzi wa Doha, sare bado mwilini,
Bi Mwanakheri wa Tanga
na udongo wa mtoni kwenye beseni la kufulia.
Nikasema, "Mwalimu anasema uukande kama unga wa maandazi
mpaka pumzi yote iutoke."
Hakusema maandazi. Alisema kitu cha tende.
Nilibadili mwenyewe; nani angenishtaki?

Chetezo kikaanza kuinuka,
ukuta ukipanda kati ya vidole, mwembamba, mwembamba zaidi,
nami nikasogea wayaone hata maji kuchani,
kiwiko changu kikagusa kigoda.
Yaarub akainua macho. Mara moja tu.
Chetezo kikayumba, kikakaa chini
kama mtu aliyeletewa habari mbaya.

Kimya, nyumba kumi na tatu.
Nikanyoosha kidole nizime.
Akanizuia kwa jicho.
"Waambie nilipokosa ni hapa,"
akaonyesha kidole gumba, jinsi kilivyowakimbia wenzake,
akabonyeza vyote vikawa donge, akaanza upya.
Kutoka Tanga: "Kumbe hata kwenu huanguka!"
Sikumtafsiria upesi. Nilikuwa nacheka.

Nilipomhesabia zake,
rial ishirini na sita na baisa mia nne,
alitenga nne, akazisukuma kwangu mkekani.
"Warudishie. Wamelipa kuona chombo, nimewaonyesha kuanguka."
"Ndicho walichokipenda!"
"Kupenda si kununua."
Tukabishana mpaka adhana ya magharibi.

Nikamwambia, kwetu husemwa mfinyanzi hulia gaeni,
nawe hata gae hulitaki?
Akauliza gae ni nini.
Nikamwokotea moja hapo mlangoni.
Akaligeuza, akalikwaruza kwa ukucha:
"Hili la kaka yangu. Chumvi ilizidi."
"Na mteja alirudishiwa?"
Akanyamaza. Akatafuta viatu vyake.

Zile rial nne zipo bado,
chini ya gae, dirishani,
si zake, si zangu.

Jumamosi ijayo wamelipa kumi na tisa.
Muuguzi wa Doha ameniletea picha:
chetezo chake kimeinama upande mmoja
kama kinachosikiliza ya jirani.
Anauliza, ubani utaungua sawasawa?
Nimemwonyesha Yaarub.
Hajajibu. Anasema picha ni ya juu tu;
anataka kwanza aone kitako.