Kiti cha Mashine ya Ntwali

Mwaka mzima tulimjua Ntwali kwa utosi wake.
Shingo imepinda, vidole gumba vinahangaika,
uso umemezwa na kioo kisichozidi kiganja.
Mashine ilitoka kwa binamu wa Lubumbashi,
imevishwa soksi ya sufu kama mtoto mchanga.
Mama akiita, "Bugali umeiva,"
alijibu, "Ngoja, nitakufa."
Mama hakuupenda mzaha huo.
Nyumba hii iliwahi kumngoja mtu.

Kule Nyawera, fundi Bisimwa ana meza
ya vifuu vya simu na nyaya kama utumbo wa kuku.
Ndipo nilipokiona: kibweta cheusi cha plastiki,
ufa ubavuni, mdomo wazi juu.
"Hiki kinakula nini?"
"Mashine ya mdogo wako. Kinaikalisha,
kisha kinaipeleka kwenye televisheni."
Alitaka dola kumi na tano. Nilimpa tisa
na ahadi ya sambaza wakavu.

Ujue jambo moja kuhusu Cimpunda:
umeme hauishi kwetu, hupita kusalimia.
Alhamisi ulipita saa nane usiku.
Mlima mzima ukapiga yowe,
redio ya jirani ikaanza katikati ya mahubiri,
mtu akakumbuka shati lake la kazini.
Nikaitoa mashine mikononi mwa Ntwali
(alilala nayo, kama wengine na kipande cha mkate)
nikaikalisha kwenye kile kiti.
Kikasema *ta*.

Kioo kidogo kikazimika. Nikajua nimeiua.
Halafu televisheni ya Baba,
ile tuliyoifunika kitambaa cha kufuma
kana kwamba nayo ingali matangani,
ikakohoa buluu, ikajaza ukuta.
Na humo, kijana wa koti la njano
amesimama mwanzo wa daraja,
anapumua, anangoja.

Mama akatoka, kitenge kimefungwa nusu.
Akamtazama kwa muda mrefu.
"Ndiye huyu? Ndiye huyu
uliyekuwa ukimchunga siku zote, peke yako?"
Ntwali, macho yamevimba usingizi, akaitikia kwa kichwa.
"Mbona umemwacha kwenye baridi? Mvushe."
Mdogo wangu akachomoa kishikio ubavuni mwa mashine.
"Mvushe wewe."

Alimtumbukiza mtoni mara sita,
na mara zote sita alisema, "Pole, mwanangu,"
kwa sauti ya kweli.
Ya saba, Cibalonza wa mlango wa pili ameshaingia
na wanawe wawili, na jirani mwenye shati,
pasi ingali mkononi, inatoa mvuke.
Kushoto! Siyo huko, Mama! Ruka!
Zilibaki hatua tatu kufika ng'ambo

mlima ukazimika.

Giza la Cimpunda lina uzito, hukukalia mapajani.
Kisha *ta*, tena. Ntwali ameichomoa.
Kioo kidogo kikawaka kiganjani mwake
na yule wa koti la njano yuko palepale,
mguu mmoja hewani, haujashuka.

Angeweza kugeukia ukuta, kama zamani.
Akainua mkono juu kidogo.
Tukasogea, vichwa saba,
harufu ya makala kwenye nywele za Mama,
harufu ya pasi.
Kishikio alikuwa nacho yeye bado.

"Betri asilimia ngapi?" akauliza Cibalonza.
"Nne."
"Basi msinisemeshe," Mama akasema,
akabonyeza.