Uzito wa Lori Tupu

Saa kumi na moja alfajiri, Thunder Bay.
Theluji imefika kwenye kitasa cha kibanda changu
na malori ya ngano bado hayajaja.
Nafungua kitabu cha mazoezi juu ya meza ya mizani.
Swali la kumi na saba:
"Tangu taa ziwekwe barabara ya kiwandani, ajali zimepungua.
Basi taa ndizo zilizopunguza ajali.
Kosa la hoja hii ni lipi?"

Natafuna penseli.
Tulikuwa na barabara kama hiyo hapa.
Kiwanda kilifungwa mwaka uleule wa taa;
nani angebaki wa kugongana na nani?
Chaguo C. Natia duara.

Nina miaka arobaini na mitatu na nataka kusomea sheria.
Shangazi Hilkka anasema mtoto wa nyoka ni nyoka,
na babangu hakumaliza hata darasa la tisa.
Namwambia, shangazi, hiyo si hoja.
Anasema, nyoka naye hang'ati kwa hoja.
Anasema mtaa mzima unasema nimechanganyikiwa,
na lisemwalo lipo, kama halipo laja.
Hoja isiyoweza kukosea kamwe!
Bwana Petryshyn, anayetufundisha Jumanne jioni
chini ya kanisa, katika chumba kinachonuka supu ya njegere,
angeiandika ubaoni na kuipigia saluti.

Yeye hutuambia: msiulize kama hitimisho ni kweli.
Laweza kuwa kweli na hoja ikawa mbovu,
kama mlevi anayefika nyumbani salama.
Ulizeni daraja liko wapi.
Kabla ya kufika kwenye "basi",
mtu huyu amekanyaga nini?

Basi.
Silabi mbili, na mtu keshavuka mto.
Sasa nalisikia kila mahali:
kwenye tangazo la dawa ya kikohozi,
redioni, kijana mmoja kaiba, basi vijana,
na kinywani mwangu mwenyewe, dukani,
muuzaji hakuniitikia, basi ananidharau.
(Alikuwa na jino bovu. Aliniambia wiki iliyofuata.)

Lori la kwanza. Renaud anashusha kioo, mvuke unamtoka kama birika.
Tani arobaini na sita, naandika.
Hizo si tani za ngano tupu.
Ni ngano na chuma na dizeli,
na Renaud, na chupa yake ya kahawa, na mbwa wake.
Lazima akamwage, arudi, nipime tena, nitoe.
Kinachobaki ndicho alicholeta.
Miaka kumi na tisa nafanya kazi hii
na hakuna aliyewahi kuniambia kuwa ni mantiki.

Nyuma ya daftari langu, mbali na mazoezi,
kuna hoja niliyoitunga mwenyewe usiku mmoja wa Novemba:

Kila aliyenipenda ameondoka.
Teuvo ameondoka.
Basi Teuvo alinipenda.

Kosa la hoja hii ni lipi?
Nalijua. Nimelijua tangu wino haujakauka.
Kila lori la ngano lina vumbi,
lakini si kila lenye vumbi limebeba ngano.
Watu huondoka kwa mengine:
kazi ya mafuta Alberta, madeni,
mwanamke wa Sudbury, kuchoka na koleo la theluji.
Na sentensi ya kwanza yenyewe, ushahidi wake ni watatu,
mmoja wao paka.

Nimeandika pembeni, kwa mwandiko wa mwalimu: batili.
Kisha nikakumbuka yule mlevi.
Hoja ikianguka, hitimisho halijawa uongo;
limebaki tu njiani, bila viatu, kwenye baridi hii.
Sikulifuta.

Renaud anarudi.
Lori linapanda mizani, linayumba,
nambari zinahangaika kutafuta pa kukaa.
Nangoja zitulie.
Tupu kabisa, na bado tani kumi na sita.